Wivu Usiokosea wa Earlene Stigler

Saa kumi na moja alfajiri, kambare wa kwanza wanateremka kwenye mkanda wa kiwanda cha samaki wakiwa wameshakatwa vichwa, na Earlene Stigler anashusha kisu. Mkato mmoja kando ya uti wa mgongo, mwingine chini ya mbavu, mnofu unatoka mzima na kuangukia kwenye beseni la barafu. Hatazami mikono yake. Anamtazama mwanamke aliyesimama ng'ambo ya mkanda.

Mwanamke huyo ni Tomika Gales, mfanyakazi mpya, bado anajifunza kushika kisu. Muda mfupi uliopita mwanamume wa kitengo cha mizani alikuja akifoka kwamba mabeseni yanajaa na hakuna anayejali. Wanawake wote waliinamisha vichwa. Tomika alimtazama tu, akamuuliza kwa upole, "Kaka, mtoto alilala usiku?"

Mwanamume yule akaacha kufoka. Akasema mtoto hakulala, homa imempanda tena. Kisha akabeba beseni mwenyewe na kuondoka.

Earlene anaacha kukata. Anaweka ngumi yenye glavu juu ya kifua chake.

"Imeanza," anasema.

Kilichoanza ni wivu, na anautaja bila kuona haya, kama mtu mwingine anavyotaja shinikizo la damu. Wakati wa mapumziko anachukua mkate wake na chai baridi, anavuka chumba kizima cha kulia, na kuketi mbele ya Tomika.

"Binti, nimekuchukia tangu alfajiri," anaanza.

Tomika anaacha kutafuna. "Bi Earlene! Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Ulijuaje kwamba shida ya yule mtu ni mtoto?"

"Sikujua. Nilimwona usoni tu."

"Mimi nimefanya naye kazi miaka na miaka. Uso ni uleule, macho ninayo, na sikuona kitu. Hilo usilichukulie kuwa ni adabu nzuri tu. Umepewa. Mimi nimeliomba, sikupewa. Ndiyo maana nimekuchukia."

"Sasa mimi nifanyeje, Bi Earlene?"

"Ulitumie. Njoo kanisani Jumatano, kuna watu watakuonyesha namna ya kulitunza. Halafu unisamehe. Kufika mchana itakuwa imepoa."

Anainuka na mkate wake. Tomika anabaki amekodoa macho, hajui kama amesifiwa au ametukanwa.

Katika kanisa la Kibaptisti la Mlima Nebo, hapa kwenye Delta ya Mississippi, jambo hili halimshangazi tena mtu. Wapo waumini wanaosubiri kuonewa wivu na Dada Earlene kama vile wengine wanavyosubiri majibu ya mtihani. Lakini mwanamke huyu alilipia sana mpaka kufika hapo, na hakulipa peke yake.

Earlene ana miaka hamsini na tisa. Amekata kambare tangu binti yake mkubwa hajaanza shule, na sasa analipwa dola kumi na nne kwa saa. Mkono wake wa kulia umepasuliwa mara mbili kwa sababu ya mishipa kubanwa. Asubuhi za baridi vifungo vya koti hufungwa na mume wake, Hosie, dereva mstaafu wa trekta.

Hata hivyo, akiulizwa kilichomtesa zaidi maishani, hataji mkono wala barafu ya kiwandani.

"Ni wivu," anasema. "Kambare wamenila mikono tu. Wivu ulinila mimi mzima."

Anakumbuka ulipoanzia. Alibatizwa akiwa msichana mdogo, katika ziwa lililo nyuma ya shamba la pamba, siku moja na binamu yake Vonzell. Walitoka majini wamevaa kanzu nyeupe za kufanana. Vonzell akafungua mdomo akaimba, na wanawake waliokuwa ukingoni wakaanza kulia. Earlene naye akafungua mdomo wake.

"Sauti yangu ilikuwa kama mlango wa ghala," anasema na kucheka. "Shangazi akaniwekea mkono begani. Akaniambia, 'Mwanangu, wewe piga makofi tu.' Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, huku namwangalia Vonzell. Ningekuwa na uwezo ningemrudisha majini."

Kuanzia hapo aliamini kwamba Mungu alipita akigawa karama nyumba kwa nyumba na akairuka ya kwao. Alifunga, aliomba, alijaribu kila kitu. Alifundisha watoto Jumapili, wakalala. Alikwenda kuwafariji wafungwa katika jela ya kaunti, na anasimulia mwenyewe kwamba wafungwa wawili waliomba warudishwe selo kabla muda haujaisha.

Kila alikoshindwa, palikuwa na mtu pembeni yake aliyefanya jambo lilelile bila hata kutoka jasho. Earlene alirudi nyumbani na kumchambua mtu huyo mezani, kuku wa Jumapili akipoa. Nguo zake hazikupendeza, watoto wake hawana adabu, sala zake za kujionyesha. Hosie alikula akitazama sahani.

Mwishowe kanisa lilimpa kazi ya kusimama mlangoni. Sare nyeupe, viatu vyeupe, glavu nyeupe. Aliifanya vizuri kwa miaka mingi, na kila Jumapili aliyoifanya alijiona amewekwa nje ya nyumba ambayo wenzake wanaishi ndani.

Kisha akaja Charlesetta Moody.

Charlesetta alirudi Delta kutoka Chicago, ndoa imevunjika, pombe imemshika. Kiwandani hawakumpa kisu. Walimpa ndoo na brashi, akasafishe vyoo. Wanawake wa kwenye mkanda walimpisha njia kwa sababu ya harufu ya alichokunywa jana yake.

Earlene ndiye aliyegundua jambo la ajabu. Mwanamke akiwa na kilio chake alikwenda chooni na kutoka ameosha uso, mabega yameshuka, anapumua vizuri. Siku moja alisimama nje ya mlango akasikiliza.

"Alikuwa anamwombea mtu," anasimulia. "Mlevi yule, brashi ya choo mkononi, anaomba kama mtu anayeongea na baba yake mezani. Hapigi kelele, hatafuti maneno. Kifua kikanibana, nikadhani nakufa. Mimi nilikuwa nimeomba tangu utotoni na sikuwahi kuomba namna ile. Hata siku moja."

Kwa majuma kadhaa hakumsalimia. Kisha akamwalika kanisani. Watu wa Mlima Nebo humsifu mpaka leo kwa wema huo, naye huwakatiza kila mara.

"Wema gani? Nilitaka aje aombe mbele ya watu wanaojua kuomba, aaibike."

Charlesetta hakuaibika. Aliacha pombe, akabatizwa, na miaka ilivyokwenda jina lake likavuka kaunti. Mchungaji Lucius Weatherall akampa chumba cha nyuma, viti viwili na kopo la leso za karatasi. Jumapili baada ya ibada watu walipanga foleni. Wapo waliosema wamepona, wapo waliosema hawakupona ila hawaogopi tena.

Wote walipita mlango uleule.

"Mimi ndiye niliyewafungulia," anasema Earlene, na sauti yake inabadilika hata sasa. "Wananishika glavu, wananiuliza, 'Dada, Mama Moody yuko wapi?' Hakuna aliyeniuliza Mama Stigler yuko wapi. Natabasamu, naonyesha kwa mkono, 'Pita kule, mpendwa.' Na moyoni nasema, huyu Mama Moody wenu mimi nimemtoa chooni."

Mambo yalizidi Mchungaji Weatherall alipoanzisha darasa la Jumatano jioni kuhusu karama za Roho. Hakutaka watu wajipime wenyewe. Kila Jumatano mmoja aliketi kwenye kiti mbele, na wenzake wakamwambia walichokiona kwake.

"Karama yako huwa wanaiona wenzako kwanza," anaeleza mchungaji huyo, ambaye siku za kazi hutengeneza majokofu. "Wewe unaweza kuidhania ni mazoea tu. Au unaweza kudhani unayo ambayo huna. Niliona afadhali tusaidiane."

Siku ya Charlesetta, watu walizungumza mpaka chakula kilichoandaliwa jikoni kikapoa. Mmoja alisimama akashindwa kusema, akalia tu na kuketi.

Jumatano iliyofuata ilikuwa zamu ya Earlene. Alivaa gauni lake la bluu, akaketi, akaweka mikono mapajani. Mchungaji akasema, "Haya, wapendwa. Tumeona nini kwa Dada Earlene?"

Feni ilizunguka. Mtu akakohoa.

"Dada Earlene hachelewi," alisema shemasi mmoja.

"Kweli kabisa," wengine wakadakia, kwa furaha ya watu waliookolewa kwenye aibu. "Hachelewi!"

"Na glavu zake," akaongeza mama mmoja. "Nyeupe jamani, sijui anatumia sabuni gani."

Charlesetta alikuwa ameketi mstari wa mbele. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, halafu akaufunga. Earlene aliona, na hilo ndilo lililomshinda kusamehe kuliko mengine yote. Aliwashukuru watu, akala chakula pamoja nao, akaendesha gari mpaka kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa, na huko akalia peke yake.

Jumapili chache baadaye, ibada ikiwa imekwisha, gari lilisimama mbele ya kanisa. Akashuka mwanamume wa makamo akimshika mama yake mzee. Mama amevaa suti ya rangi ya zambarau na kofia yenye utaji. Mwanamume akapanda ngazi peke yake, akavua kofia.

"Samahani, dada. Tunamtafuta Mama Moody. Mama yangu anafanyiwa upasuaji wa moyo wiki hii, anaomba aombewe kwanza."

Charlesetta alikuwa chumba cha nyuma. Siku hiyo hapakuwa na foleni, alikuwa amepiga magoti peke yake.

"Hayupo leo," Earlene akasema.

"Hatarudi?"

"Sidhani."

Akamwona yule mwanamume akishuka ngazi, akamwona mama akisikiliza, akitikisa kichwa taratibu, akigeuzwa kuelekea garini. Ingemtosha Earlene kuita. Anasema mdomo wake ulikuwa mzito, na vilevile, asidanganye, kuna kitu ndani kilichofurahi.

Mama yule, Idabelle Hibbler, alifariki siku mbili baada ya upasuaji. Hakuna hapa Mlima Nebo anayedai kwamba maombi yangemponya. Lakini baada ya mazishi mwanawe, Lamar, alikutana na Charlesetta dukani, na katika kuzungumza akamwambia, "Tulikuja kukuona, tukaambiwa hupo." Akataja ni Jumapili ipi. Akaeleza kwamba aliyewaambia ni dada mmoja mlangoni, amevaa glavu.

Jumatatu asubuhi Charlesetta, ambaye kufikia wakati huo naye alikuwa akikata minofu, alifika kwenye mkanda na hakushika kisu.

"Earlene. Uliwaambia sipo?"

"Nani?"

"Usiniulize nani. Mama wa watu amezikwa. Uliwaambia sipo?"

Mkanda ulikuwa unakwenda, kambare wanapita bila kukatwa, wanawake wengine wameduwaa. Earlene akasema ndiyo.

"Nilikuwa nimepiga magoti!" Charlesetta alipaza sauti kushinda mashine. "Nilikuwa namwomba Mungu aniletee mtu! Watu wanafika mlangoni, wewe unawarudisha! Mwanamke gani wewe una roho ya korosho hivyo?"

Msimamizi akasimamisha mkanda na kuwatoa wote wawili nje, karibu na mashine ya barafu, wakatulizane. Hawakutulizana. Earlene, akijua amekosa na hana la kujitetea, alishika la kwanza lililomjia.

"Kwako ni rahisi! Kila mtu anakupenda! Wewe umepewa, mimi nimepewa nini? Sabuni ya glavu?"

Wote wawili wanayakumbuka maneno yaliyofuata, na wanayasimulia karibu sawasawa.

"Unajua kinachoniudhi zaidi ya yote?" alisema Charlesetta. "Ni wewe uliyeniona. Mimi nilikuwa nanuka pombe, nasugua choo. Mama yangu mzazi alikuwa amenikatia tamaa. Dunia nzima haikuona kwangu kitu cha kutamani, halafu wewe ukanionea wivu. Nani anamwonea wivu mlevi, Earlene? Nilikuona umenuna, nikajiuliza, huyu ananuna nini? Kwani mimi nina nini? Ndipo nikaanza kufikiri kwamba labda ninacho kitu."

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Ulimwonea wivu Vonzell, Vonzell akaimba mpaka kaburini. Ulimwonea wivu yule kijana anayetupigia kinanda kanisani kabla hajajua hata nyimbo tatu. Hujawahi kukosea, mwanamke wewe. Hata mara moja! Mungu amekupa macho, na wewe kila unachokiona unataka kukitia kisu."

Hosie, aliposimuliwa hayo nyumbani, alicheka bila kupenda. "Mimi nilijua zamani," anasema mzee huyo. "Nikitaka kujua nani Mungu anamtumia kanisani, nasikiliza ni nani anasengenywa wakati wa chakula cha Jumapili. Ila nisingethubutu kumwambia. Nalala naye nyumba moja."

Earlene alioka keki ya siagi, akaenda kwa Lamar Hibbler. Alimweleza pale barazani, hakupunguza kitu. Lamar alisikiliza akiwa ameshika mlango wa wavu.

"Mama alivaa ile suti kwa ajili ya siku ile," alisema hatimaye. "Alianza kujiandaa tangu Jumamosi."

Akachukua keki, pengine kwa malezi tu, akafunga mlango. Mpaka leo hajamwambia kwamba amemsamehe. Wakikutana sokoni humwitikia salamu.

Earlene alimwomba Mchungaji Weatherall amwondoe mlangoni, naye akamwondoa. Hakumbembeleza. Alimwambia aketi benchi la nyuma na asifanye kazi yoyote mpaka ajue anachokitafuta. Kwa mwanamke asiyechelewa, kuketi bila kazi kulikuwa adhabu kubwa kuliko kukemewa. Na Charlesetta, kwenye mkanda, alimpa salamu ya asubuhi na basi.

Katika benchi hilo la nyuma, miezi ikiwa imepita, wivu ulimrudia.

Mbele yake aliketi Roosevelt Tate, dereva wa lori la taka, mwanamume mkubwa, mkimya, anayejulikana kwa kusinzia wakati wa mahubiri. Siku hiyo hakusinzia. Mjukuu wake wa kike alikuwa anauliza maswali kila mchungaji akisema jambo, naye Roosevelt akimjibu kwa mnong'ono. Earlene akajikuta anasikiliza mnong'ono, si mahubiri.

"Kwa maneno manne alikuwa amefungua kitu ambacho sijakielewa maisha yangu yote," anasema. "Na yule mtoto ameelewa! Nikawaka. Mimi watoto walilala mikononi mwangu, huyu mwenye kusinzia ndiye anafundisha? Nilitaka kulipiga lile benchi teke."

Zamani angekwenda nyumbani kumchambua Roosevelt pamoja na lori lake. Alikaa na jambo hilo siku kadhaa, halali vizuri. Ijumaa, kwenye mkanda, aliinua kichwa.

"Setta. Imenishika."

Charlesetta hakuuliza ni nini. "Juu ya nani?"

"Roosevelt Tate."

"Yule anayekoroma?"

"Yuleyule. Anafundisha, Setta. Ni mwalimu. Nimekasirika sijui nifanye nini."

Charlesetta alicheka mpaka akaweka kisu chini. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kucheka pamoja tangu ule ugomvi. Kisha akafuta macho kwa kiwiko, akawa na uso wa kazi.

"Utamwambia wewe mwenyewe. Usimtume mchungaji wala mimi. Utasimama mbele yake umwambie ulichokiona, na umwambie kwamba kimekuuma."

"Nitakufa."

"Hufi. Mimi nilikaa na kinyongo chako miaka mingapi? Na nipo hai."

Earlene alimwambia. Roosevelt alidhani anataniwa, akaangalia nyuma kuona kama kuna watu wanacheka. Alipoona Earlene ana machozi ya hasira, aliamini. Leo anafundisha darasa la wanaume Jumapili asubuhi, na imebidi viti viletwe kutoka jikoni. Wakati wa mahubiri bado anasinzia.

Si wote waliolipokea jambo hili. Shemasi mmoja alisimama kwenye kikao akasema wivu ni dhambi na haijawahi kuwa karama, na kanisa lisije likaanza kubariki ubaya. Watu walitazamia Earlene ajitetee. Alisimama akasema shemasi yuko sahihi.

"Siutetei wivu, hata kidogo," anarudia leo. "Karama ni jicho. Wivu ni mkono wangu mchafu unaolifuata jicho. Ningeomba nione bila kuumia. Nimeomba. Bado naumia."

Mchungaji Weatherall naye hadai kujua jina la karama hiyo. Anasema mitume waliandika kuhusu kupambanua, ingawa hadhani walikuwa wanamfikiria mtu mwenye kijicho. "Ninachojua," anasema, "ni kwamba tangu aanze kusema, nina walimu, nina watu wa kufariji, nina kijana anayejua kusuluhisha ndoa za watu na yeye hana mke. Wote walikuwa wamekaa mbele yangu miaka yote. Nilikuwa nawaona vichwa tu."

Earlene naye ilimbidi ajifunze kazi yake. Aligundua kwamba wivu wa vitu hauhesabiki. "Nimelionea wivu jiko jipya la dada yangu mwaka mzima," anasema. "Jiko halina karama." Aligundua pia kwamba wapo wasiotaka kuambiwa. Mwanamke mmoja aliambiwa ana kipaji cha kuongoza, akahama kanisa.

Akiulizwa kama amekua, hajipimi kwa kupungua kwa maumivu. Anajipima kwa muda anaokaa nayo kabla ya kusema. Kwa Charlesetta ilipita miaka, na ilibidi aambiwe. Kwa Roosevelt ilikuwa wiki. Siku hizi ni suala la kusubiri mapumziko tu.

"Nikichelewa inaoza," anasema. "Nikiisema mapema bado ni mbichi, mtu anaweza kula."

Kwenye chumba cha kulia, Charlesetta anakuja na kikombe chake na kuketi kwa kishindo. Anamtazama mwandishi wa makala haya, kisha Earlene.

"Kwa hiyo ndiyo hivi," anasema. "Mimi nimeombea watu mpaka magoti yameota sugu. Hakuna gazeti lililonitafuta. Huyu amenuna maisha yake yote, leo anahojiwa."

"Setta," Earlene anasema polepole, na macho yanamtoka. "Unaona wivu?"

"Nani? Mimi? Nyamaza hapo, kula mkate wako."

"Unaona wivu! Tena uso umekuiva!"

"Nimemsamehe huyu," Charlesetta anamwambia mwandishi, akigeuza kiti kidogo. "Andika hilo. Na uandike kwamba bado namchunga."

Mwakani Earlene anaacha kazi ya kisu. Daktari amemwambia mkono hautastahimili upasuaji wa tatu. Hosie alitumaini kwamba wangekaa nyumbani na kupanda maboga, lakini mke wake ana mpango mwingine, na mchungaji ameukubali.

Kwenye barabara za Delta yapo makanisa madogo yaliyobakiwa na waumini wachache, wazee wengi, wanaokutana Jumapili na kuambizana kwamba hapo hapana mtu tena. Earlene anataka kuyazungukia, moja baada ya jingine. Hataomba mimbari wala kuhubiri. Ataketi nyuma na kusubiri.

"Wanasema hawana mtu," anasema. "Mimi nitawaambia kama wanaye. Nitakaa pale niwaonee wivu mpaka apatikane."

La kwanza linaitwa Sharoni Mpya, na Jumamosi iliyopita alimwomba Hosie wapite kulitazama wakitoka dukani. Hakukuwa na ibada. Mzee mmoja tu alikuwa uani, anatengeneza uzio, na wanaume wawili wa jirani, ambao Hosie anajua kwamba hawajasemezana tangu wagombane juu ya mpaka wa shamba, walikuwa wamemshikia waya, mmoja huku na mwingine kule, wakiongea kupitia kwake.

Hosie alitaka kushuka awasalimie. Earlene alikuwa ameshageuza uso dirishani, mikono ameikunja kifuani, mdomo ameuvuta.

"Nikamuuliza, 'Mama, kuna nini tena?'" Hosie anasimulia. "Akaniambia, 'Washa gari. Hatujaanza kazi, na yule mzee ameshaniudhi.'"